Foleni ya Wenye Salamu

Mnapokuja kwangu Mpendae na kompyuta zenu za kukunja, mkavua viatu mlangoni na kusema, "Shikamoo Bi Raya, programu yangu inapokea ujumbe kutoka chaneli tano na inaganda," mimi huwauliza kitu kimoja kabla hata sijavaa miwani: inamsubiri nani? Mara nyingi hamjui. Mnanitajia lugha mliyotumia, mnanitajia ukubwa wa mashine, na mmoja wenu juzi alinitajia hata duka alilonunulia. Lakini programu haigandi kwa sababu mashine ni ndogo. Inaganda kwa sababu imesimama kwenye mlango mmoja ikimsubiri mtu amalize kusema, na milango mingine yote inapigwa hodi na hakuna wa kuitika.

Nimestaafu, nina goti bovu na wakati mwingi. Basi nakuandikieni haya ambayo nikiyasema kwa mdomo mnayasikia nusu, kwa sababu nusu nyingine mnaangalia simu.

Mimi sikuanza na kompyuta. Katikati ya miaka ya thamanini nilikuwa msichana wa kupokea simu katika ofisi moja ya Mji Mkongwe. Mbele yangu palikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, na kila tundu lina taa yake. Taa ikiwaka unachomeka waya, unamuuliza mtu anamtaka nani, unamuunganisha, unakwenda kwa mwengine. Aliyenifundisha alikuwa Bi Mgeni, mwanamke mfupi, sauti yake kali, ambaye aliweza kunywa chai yake mpaka chini asikose hata taa moja.

Siku moja nilinogewa na mazungumzo ya akina mama wawili waliokuwa wakigombania nani apewe biriani ya harusi aipike. Mazungumzo ya watu hayakuwa yangu kuyasikiliza, lakini nilikuwa nimeshaamua moyoni nani mwenye haki, na nilitaka kujua kama mwenyewe atashinda. Niliposhtuka, ubao mzima ulikuwa unawaka taa. Bi Mgeni hakunigombeza. Aliweka kikombe chini, akachomoa na kuchomeka mpaka taa zote zikazimika, kisha akanigeukia.

"Masikio umempa huyo anayesema," aliniambia. "Haidhuru, ndiyo kazi. Na macho je, umempa nani?"

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kozi Dar es Salaam kujifunza kuandika programu. Mwalimu akatufundisha namna ya kuiambia programu itazame chaneli zote kwa pamoja na ichukue ile iliyo tayari, isiingojee ile iliyo kimya. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilicheka peke yangu, maana nilimuona Bi Mgeni na kikombe chake. Alikuwa ameshafariki wakati ule, Mungu amrehemu, na nilitamani sana nimwambie kwamba kazi yake sasa imo vitabuni.

Sasa nikupelekeni Malindi, ile ya hapa hapa mjini Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa katika kampuni moja ya boti na mizigo karibu na bandari. Jina lake siitaji, na wala haipo tena. Tajiri wetu, Bwana Talib, alitaka kompyuta moja ipokee ujumbe wote wa kampuni na kuupeleka unakotakiwa. Chaneli zilikuwa nne. Moja ni dirisha la tiketi pale chini. Ya pili ni ofisi yetu ya Dar. Ya tatu ni mahoteli ya Kiwengwa, yaliyokuwa yakiagiza magodoro, mafriji na vyakula kwa njia ya simu na modemu. Ya nne ni chumba cha redio ghorofani, alikokaa Bwana Nassor.

Bwana Nassor alikuwa mtu wa Malindi khasa. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu na maduka mawili. Yeye alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kanzu zilizopigwa pasi vizuri kuliko za mtu yeyote mtaani. Mke wake alifariki zamani, hakujaaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuzungumza kwa redio na Mkokotoni na Tumbatu, kuandika nani anataka saruji, nani anataka unga, nani anasafiri, kisha kuyaingiza kwenye kompyuta kwa vidole viwili.

Upande wa pili, kisiwani Tumbatu, aliyeshika redio alikuwa Bi Kazija, mjane, mwenye duka. Nilikuwa simjui sura, lakini sauti yake nilikuwa naijua kama ya jirani, kwa sababu kila asubuhi iliteremka ngazi mpaka kwenye meza yangu.

"Tumbatu, Tumbatu, Malindi inaita."

"Naam, Malindi."

"Assalaam alaykum, Bi Kazija."

"Waalaykum salaam, Bwana Nassor. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, alhamdulillahi. Nyinyi huko?"

"Wazima. Na mguu wako?"

"Mguu unakwenda. Na kifua cha mama?"

Na yote hayo, mpaka kifua cha mama, Bwana Nassor aliyaandika kwenye kompyuta. Nilimwambia mashine haina haja ya kujua. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, salamu ni katika maneno. Ukizitoa, unabakiwa na amri tu."

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na ila ambayo nadhani mtu wa kwingine asingeifanya. Nililelewa kwamba mtu mzima akianza kusema humkati. Basi nikaiandika programu hivyo hivyo: yeyote atakayeanza kuandika, asikilizwe mpaka aandike neno "ova", lile watu wa redio wanalosema wakimaliza, ndipo mwengine apokelewe. Ilikuwa na adabu mno. Siku ya kwanza Bwana Nassor aliandika "Assalaam alaykum, natumai hamjambo," adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akainuka akenda msikitini. Dirishani watu wakapanga foleni mpaka nje. Dar wakapiga simu kuuliza kama tumeungua moto. Bwana Talib aliteremka akaniuliza, "Raya, hii mashine yako imezimia?"

Haikuzimia. Ilikuwa inamsubiri mzee amalize salamu zake.

Dawa yake, wanangu, ndiyo hii ninayokuambieni kila siku. Kila chaneli iwekee msikilizaji wake mwenyewe, kijiprogramu kidogo kisicho na kazi nyengine. Yeye ndiye akae na maneno nusu nusu, amsubiri mtu wake aswali, anywe chai, arudi. Ujumbe ukishatimia, aupeleke katikati kwenye foleni. Aliye katikati asimsubiri mtu. Achukue kilicho tayari, akipeleke, arudi. Na kila ujumbe uandikwe umetoka wapi, unakwenda wapi na umeingia lini. Msiniambie hilo la mwisho ni kujaza nafasi bure.

Basi mashine ikawa haigandi tena. Lakini Bwana Talib naye ana vyake. Aliona ujumbe wa Kiwengwa unakaa nyuma ya salamu za Tumbatu, akaja juu.

"Watu wa hoteli wanangoja mafriji yao," alisema, "na mimi nisubiri mpaka watu waulizane vifua? Salamu ziondoke. Ama ziondoke salamu, ama kiondoke chumba cha redio."

Nilimtazama Bwana Nassor. Alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, na nilimuonea huruma nikataka kusema neno, lakini yeye alinitangulia.

"Bwana Talib, tusigombane," alisema. "Mtu mwenye haraka si huwa haamkii? Anaingia na jambo lake moja kwa moja, na unamsamehe. Basi Raya aiambie mashine: asiyeamkia apite mbele. Aliyeamkia, jambo lake lina nafasi, akae nyuma kidogo."

Sote tulifurahi. Bwana Talib alifurahi kwa sababu ya mafriji, Bwana Nassor kwa sababu salamu zilisalimika, na mimi kwa sababu ilikuwa rahisi kuandika: foleni mbili, ya mbele na ya nyuma, na ya nyuma inafunguliwa pale ya mbele inapokuwa tupu. Ilikuwa masika, mahoteli yamefungwa nusu, foleni ya mbele inakuwa tupu kila mara. Mambo yalikwenda vizuri sana. Watu wa dirishani na wa Dar walipoijua kanuni, waliacha kuamkia siku ya pili tu, maana kila mtu anajiona ana haraka. Foleni ya nyuma ikabaki ya Tumbatu peke yao.

Wenye macho mshaona shimo liko wapi. Sisi hatukuliona.

Masika yakapita. Bwana Nassor alikuwa na kaka yake Maskati, na huyo kaka siku nyingi alikuwa akimwita akakae naye, wazeeke pamoja. Safari hii alimtimizia kila kitu, mpaka tiketi ya ndege kutoka Dar. Ilikuwa imebaki kama wiki moja asafiri. Mimi nilikuwa chini ya meza yake ya redio, nafunga waya uliolegea, na nadhani alisahau kwamba nipo. Salamu zilikwisha, mguu ukaulizwa, kifua kikaulizwa.

"Bi Kazija, nna suala."

"Naam."

"Kaka yangu ananiita Maskati. Nkenda sirudi tena. Lakini kama nna mtu wa kukaa kwa ajili yake, sendi. Nakuuliza wewe. Nije kwenu kukuposa, au nfunge mzigo?"

Redio ilikoroma. Nikauachia waya chini ya meza.

"Bwana Nassor," ilisema sauti ya Bi Kazija, ndogo kuliko siku zote, "hewani hapa watu wote wanasikia."

"Tunasikia, mjibu bwana wa watu!" iliingia sauti ya kijana wa redio ya Mkokotoni, na nikasikia watu wanacheka nyuma yake.

"Nipe mpaka kesho," alisema Bi Kazija. "Lazima nimwambie kaka yangu kwanza. Ova."

Kesho yake Tumbatu haikuitika. Bwana Nassor aliita asubuhi, akaita baada ya adhuhuri, akaita alasiri. Siku ya pili vivyo hivyo. Aliwauliza Mkokotoni, wakasema hawajasikia kitu. Mimi nilimwambia ende mwenyewe, Tumbatu si mbali. Alitikisa kichwa.

"Mwanamke ukishamuuliza akanyamaza, humfuati kwao. Utamtia aibu mbele ya watu wake. Ameona haya kunikataa, mwanangu. Nshaelewa."

"Bwana Nassor, chaneli iliyo kimya si chaneli iliyofungwa," nilimwambia. Na hili nalo ni somo, ingawa siku ile nilikuwa nalisema kwa uchungu. Programu nyingi huharibika hapo. Kimya maana yake ni kwamba hujapata kitu bado. Kufungwa ni kitu chengine, lazima mwenyewe aseme nimefunga. Ukivichanganya viwili hivyo utamuaga mtu ambaye bado anakuja.

Alinitazama kwa macho mema kabisa. "Katika mashine yako, labda," alisema.

Nilikwenda nyumbani nikalia. Sioni aibu kuwaambia. Nilimpenda mzee yule kama baba, na nilimuona anakunja maisha yake ndani ya begi moja kwa sababu ya redio iliyonyamaza.

Siku ya safari ilifika. Boti ya Dar ilikuwa inaondoka adhuhuri. Bwana Talib alinipa amri nikifunge chumba cha redio kwenye programu, kwa kuwa hakuajiri mtu mwengine wa kukaa ghorofani. Bwana Nassor alikuwa anafuta vumbi kwenye meza yake, begi liko mlangoni, amevaa kanzu ya safari.

Sasa, namna nilivyoandika kufunga chaneli niliipata kwa Bi Mgeni. Yeye hakuwahi kuchomoa waya bila ya kuuliza, "Umemaliza?" Kwa hiyo programu yangu, ukiiambia ifunge chumba, haifungi papo hapo. Kwanza inakwenda kwenye foleni zote mbili, inakusanya kila ujumbe wa chumba hicho uliobakia popote, inauchapa kwenye printa ya mule mule, ndipo inafunga. Nilitia amri chini, na ghorofani nikasikia printa inaanza kulia.

Nilidhani ni karatasi moja ya saruji. Nikapanda ngazi. Bwana Nassor alikuwa ameishika karatasi mbali na macho yake, kwa sababu miwani alishaipakia.

"Nsomee," alisema.

Nikasoma. Ulikuwa umetoka Kiwengwa. Uliandikwa hivi:

"Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Kwa Bwana Nassor wa chumba cha redio. Natumai u mzima, na mguu wako unaendelea vizuri, na jamaa zako wote hawajambo. Sisi huku wazima, na mama kifua chake kimepata nafuu. Betri ya redio imekufa, tumeambiwa tungoje nyengine. Nimempa maneno haya mpwa wangu anayepeleka pweza hotelini, amuombe karani akuandikie. Kaka yangu amekubali na mimi nimekubali. Usifunge mzigo. Njoo. Wasalaam, Kazija."

Ndiyo hivyo, wanangu. Mwanamke yule alikuwa na jambo la haraka kuliko friji yoyote ya Kiwengwa, lakini hata siku ile hakuweza kumuingilia mtu bila ya kumuamkia. Mashine ikaona salamu, ikamuweka nyuma, kama tulivyoiambia. Na msimu wa wageni ulikuwa umeanza, hoteli zinaagiza usiku na mchana na hakuna hata moja inayosema hujambo, foleni ya mbele haikuwa tupu hata mara moja. Bwana Nassor alikuwa ameinamia redio siku zote zile, anaisikiliza chaneli moja tu, na jawabu lake limekaa kwenye kompyuta sakafu moja chini ya miguu yake.

"Umeingia lini?" aliniuliza.

Nilitazama pembeni mwa karatasi. "Kesho yake. Siku ile ile aliyokuahidi."

Aliketi. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari anikasirikie. Badala yake mabega yalianza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho, na sijui mwisho wake kilikuwa kicheko au kilio.

"Mimi mwenyewe," alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyesema aliyeamkia akae nyuma!"

Boti ikapiga honi bandarini. Nilimwambia, "Bwana Nassor, nikae sasa hivi niandike jawabu, nilipitishe mbele, lifike Kiwengwa kabla ya alasiri. Niseme nini?"

"Usiandike kitu," alisema, akainuka. "Nnakwenda."

Aliteremka ngazi na mguu wake ule mbovu kama kijana. Begi alilisahau mlangoni. Nilichungulia dirishani nikamuona anavuka barabara, anawapita wachukuzi na watu wa boti ya Dar, anakwenda kutafuta gari ya Mkokotoni. Bwana Talib alikuja baadaye kuniuliza mbona kiti cha Nassor kwenye boti kimekwenda kitupu, nikamwambia abiria amebadilisha njia.

Siku ile ile, kabla sijenda nyumbani, niliibadilisha programu. Foleni ya nyuma sikuifuta, kwa sababu kweli yako mambo yanayoweza kungoja. Lakini kila programu inapochukua ujumbe kadhaa wa mbele, ni lazima ichukue mmoja wa nyuma, hata kama wa mbele wamejaa mpaka mlangoni. Na ujumbe ukikaa kupita kiasi, unapanda wenyewe mbele bila ya kuuliza una salamu au hauna. Fanyeni hivyo hivyo kwenye programu zenu. Msimpe mtu haki ya kutangulia bila ya kumhakikishia wa nyuma kwamba zamu yake itafika. Mkiniletea programu yenye foleni mbili, hapo ndipo nitakapotazama kwanza, kwa hiyo msijisumbue kunificha.

Nilikwenda Tumbatu kwenye harusi yao, nikamuona Bi Kazija uso kwa uso mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, sikumdhania hivyo. Alinishika mkono akaniweka karibu naye, akaniuliza hali yangu, ya watoto, ya watu wa Malindi mmoja mmoja, na nilimjibu yote kwa utulivu. Kisha nikamuuliza ilikuwaje siku ile Bwana Nassor alipofika.

"Alipanda kutoka pwani jua linawaka," alinieleza. "Mimi niko dukani, kaka yangu yupo, wazee wapo, watu chungu nzima. Kofia imempinda, kanzu imerowa mpaka magotini. Na unavyomjua yule, Raya, asivyompita mtu. Basi hakumwamkia kaka yangu, hakuwaamkia wazee, wala mimi hakuniamkia. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, anahema, akasema: 'Bi Kazija, sendi.'"